Sabuni ya Mrithi

Baba mdogo Déogratias alinawa mikono kwanza, akaikausha kwa taulo aliyopewa, kisha ndipo akamnyang'anya Léocadie kazi ya miaka kumi na minne.

Walikuwa wameketi sebuleni, katika nyumba ya mtaa wa Kimanga, siku ya nane baada ya mazishi ya mzee Kizito, baba yake Léocadie. Nyuma ya nyumba, uani, mapipa mawili ya kupikia sabuni yalikuwa yamepoa tangu siku mzee alipolazwa. Sabuni aliyonawia baba mdogo ilitoka katika mapipa hayo. Léocadie ndiye aliyeipika, ndiye aliyeikata, na dakika chache zilizopita ndiye aliyepiga goti akammiminia maji.

"Baraza ya familia imekaa," alisema Déogratias. "Kazi ya marehemu haiwezi kulala. Vainqueur njo atashika atelié ya sabuni. Iko na diplome ya gestion, alisoma kuongoza kazi, na njo mwanaume wa hii nyumba."

"Na minye?" aliuliza Léocadie.

"Weye utabaki mule. Utakata vipande, utafunga katoni. Kaka yako atakulipa elfu tano kwa siku, kama batumishi wengine. Hakuna mwenye anakufukuza."

"Elfu tano." Léocadie alilitamka neno hilo polepole. "Baba mudogo, minye niko napika hii sabuni tangu Vainqueur alikuwa secondaire. Minerval yake ya Bukavu, feza yote ya masomo, ilitoka mule mu pipa."

"Hakuna mwenye anakataa. Lakini weye ni bibi ya batu. Kesho Niyonzima akisema muhamie Fizi, utabeba jina ya Kizito uipeleke kwa ukoo ya Niyonzima?"

Niyonzima, mume wake, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ameketi karibu na mlango, mahali pa wakwe. Mkwe hasemi katika baraza kama hilo. Akatazama viatu vyake. Vainqueur, mwenye miaka ishirini na saba, alitazama simu yake iliyokuwa imezimwa.

Léocadie akamgeukia mama yake. Mama Victoire alikaa kwenye mkeka pembeni, amevaa nyeusi, uso ameuelekeza ukutani. Katika nyumba hiyo mjane hasemi mbele ya wanaume mpaka siku ya kuondoa matanga. Léocadie aliutazama mgongo wa mama yake akangoja. Angetosheka na kikohozi tu. Mgongo haukutikisika, naye akauweka mgongo ule moyoni pamoja na mengine yote ya siku ile.

Déogratias alimwomba funguo. Akamwomba pia mkebe, ule wa maziwa ya unga, uliopata kutu mdomoni, ambao mzee Kizito aliutumia kupimia soda kali ya sabuni tangu alipoanza kazi. Akampa Vainqueur vyote viwili mbele ya watu. Vainqueur alitia funguo mfukoni. Mkebe aliusukuma chini ya kiti kwa kisigino.

*

Watu wa Songo, alikokaa na mumewe, walidhani Léocadie hatakwenda tena Kimanga. Alikwenda. Kila asubuhi alishuka kwa miguu, akavaa aproni, akakata vipande kwa elfu tano. Hakwenda kwa ajili ya elfu tano. Alikwenda kwa sababu alitaka kumwona mdogo wake akianguka, na mtu akikaa Songo hawezi kuona kinachoanguka Kimanga.

Siku ya kwanza Vainqueur alimuuliza vipimo, naye akamwambia ukweli: bidoni moja ya mawese, mikebe mitatu ya soda. Vainqueur akaviandika kwenye kompyuta, akachapisha karatasi, akaitia plastiki na kuipigilia misumari ukutani. Siku ya pili alileta mhuri mpya wa mbao. Wa zamani ulikuwa na herufi mbili, K na V, yaani Kizito na Victoire. Mpya uliandikwa VAINQUEUR.

"Ni marketing, yaya," alimwambia dada yake mkubwa, kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha bila kuuomba. "Batu wanapenda jina yenye nguvu."

"Papa alikuwa na jina dhaifu?"

"Sikusema vile."

Siku ya tatu Léocadie alifanya kama alivyofanya sikuzote. Sabuni ilipokwisha kukauka kidogo, alikata pembe ya kipande kimoja akaigusa kwa ncha ya ulimi. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Sabuni ikiuma ulimi, inarudi pipani. Sabuni inayouma ulimi, alikuwa akisema mzee, itauma mikono ya mtoto wa mtu. Sabuni ya siku hiyo ilikuwa nzuri. Lakini mteja mmoja aliyekuja na gari la shirika alimwona, akacheka, akamwonyesha dereva wake.

Vainqueur alingoja gari liondoke. "Yaya, wacha kulamba sabuni mbele ya baclient. Batasema tuko na wazimu."

"Papa alikuwaka analamba."

"Papa hakusoma."

Akarudi kwenye meza yake. Alilisema jepesi, kama mtu anavyosema mvua inanyesha. Léocadie akaendelea kukata. Kila kipande kilitoka sawa na kingine.

Wiki iliyofuata yalikuja magunia mapya. Sikuzote soda yao waliinunua kwa mfanyabiashara wa bandarini Kalundu, na ilikuwa ya magamba, vipande bapa kama maganda ya vitunguu. Vainqueur alikuwa amepata nyingine kutoka Bujumbura, kwa bei nafuu, akaisifu tangu gunia la kwanza halijashushwa kwenye pikipiki. Léocadie ndiye aliyelifungua. Ndani kulikuwa na punje, nyeupe, za mviringo, ndogo kama mtama.

Punje aliwahi kuziona mara moja, miaka mingi nyuma, na baba yake. Magamba yakijaa kwenye mkebe yanaachia hewa katikati. Punje haziachi nafasi. Mkebe ni uleule, lakini soda iliyomo imezidi sana. Mzee alimpa mkebe wa punje aunyanyue kwa mkono mmoja, kisha ule wa magamba kwa mkono mwingine, akamwambia: punje ni mikebe miwili na nusu, isizidi.

Sasa Vainqueur aliujaza mkebe punje, akaunyanyua. Alikuwa amevaa glavu mpya za njano. Akasimama kidogo, labda uzito ulimshangaza.

"Yaya, mikebe tatu, njo vile?"

Mawese yalikuwa yanachemka pipani. Léocadie alimtazama mdogo wake, akaitazama karatasi ukutani.

"Karatasi yako inasema ngapi?"

"Tatu."

"Sasa unaniuliza nini?"

Vainqueur akacheka, akamimina mikebe mitatu. Léocadie alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya katoni.

"Naenda kwangu."

"Na kesho?"

"Kesho utakata mwenyewe. Uko na diplome."

*

Alikaa Songo akingoja. Alipika, alifua, alisuka nywele za binti yake Shalom, na katika kila kazi alikuwa anasikiliza njia. Ilipita wiki moja. Ilipita ya pili. Adhuhuri moja Domitille akapiga hodi.

Domitille alikuwa mjane wa Kimanga aliyefulia watu nguo kwenye mto Kalimabenge. Mikono yake ilikuwa imefungwa kwa vipande vya kitenge.

"Mama Shalom, hodi tena."

"Karibu, Domitille. Mikono iko na nini?"

"Hiyo njo nilikuja kukuuliza."

Akavifungua vile vipande. Katikati ya vidole ngozi ilikuwa imeondoka, pakabaki pekundu panapong'aa. Viganja vilikuwa vyeupe, vimepasuka kama tope la mto lililokauka.

"Sabuni yenu iko na meno," alisema Domitille.

"Si yetu. Ni ya Vainqueur. Hukuona jina?"

"Minye sijui kusoma. Nanunuaka kwa mulango ileile."

Léocadie aliinama juu ya vile viganja. "Ulienda kwake?"

"Nilienda. Akasema sabuni yenye nguvu njo inatoa uchafu. Akaniuliza kama niko na mikono ya madame." Domitille akacheka bila sauti. "Minye, mikono ya madame. Nafua mashuka ya batu tangu niko na miaka kumi na mbili."

"Na bengine?"

"Bamama ya mto bote. Amandine ilimuruka mu jicho, hii wiki hafui. Mwenye nguo yake hangoji jicho ipone, alipeleka kwa mwengine."

Kitu kitamu kilipita kifuani mwa Léocadie. Kilipita pamoja na aibu, lakini aibu haikukiondolea utamu. Aliingia ndani akaleta mawese kwenye kisahani, akakaa chini, akaanza kuipaka mikono ya Domitille, kidole kimoja kimoja.

"Weye unajua kile waliweka mule?" aliuliza Domitille.

"Sijui. Minye siko tena mule."

Ulimi wake, uliopima sabuni miaka kumi na minne, uliusema uongo huo bila kuumia.

"Basi umwambie kaka yako. Weye atakusikia."

"Yeye njo patron." Léocadie alishusha sauti. "Sikiliza. Siku ya arobaini tunaondoa matanga. Batu yote itakuwa pale, baba mudogo, mapadri, baclient. Weye na bamama ya mto muje bote. Mumuonyeshe mikono mbele yao."

Domitille alivuta mkono wake taratibu. "Minye siendi kwa matanga ya muntu kupeleka vidonda. Mzee Kizito alinipa sabuni ya kuosha maiti ya bwana yangu, hakuniuliza franka moja." Akafunga vipande vyake vya kitenge, vile vya mkono wa kulia kwa meno. "Aksanti kwa mawese."

Niyonzima aliporudi kutoka shule alimkuta mkewe bado amekaa na kile kisahani. Alikuwa amekutana na Domitille njiani.

"Unajua ama hujui?" aliuliza.

"Najua."

"Unangoja nini?"

"Arobaini."

Niyonzima aliweka vitabu vyake juu ya meza. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Na tangu siku ya baraza yalikuwa yamepungua zaidi. "Wale bamama," alisema, "hawakukaa mu ile baraza."

Léocadie aliinuka akachukua kinu, akaanza kutwanga sombe, majani ya muhogo. Alitwanga hata baada ya sombe kulainika. Kesho yake alikwenda kumsalimu mama yake, akamwambia Domitille ana vidonda mikononi, na habari ya punje akaiacha.

*

Ziwa, tangu miaka ile lilipopanda, halikurudi tena lilikotoka. Kando ya maji, upande wa kwenda Kalundu, kuta za nyumba zilizomezwa zilikuwa bado zinachungulia, na watu walifunga mitumbwi kwenye madirisha. Hapo, penye mchanga uliobaki, ndipo ukoo wa mzee Kizito ulipokusanyika asubuhi ya siku ya arobaini.

Wanaume walisimama juu, karibu na barabara. Wajane wa ukoo, watano, walikuwa chini majini wamemzunguka Mama Victoire. Walikuwa wamemaliza kumnyoa. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko Léocadie alivyowahi kukidhania, cheupe kwa ngozi ambayo haikuwa imeona jua, na wembe ulikuwa umekwangua mahali pawili patatu pakatoka damu kidogo. Kilichobaki ni kumwosha. Akishaoshwa, anavaa kitenge kipya, anaruhusiwa kusema.

Léocadie alishuka na kitu mkononi, kimefungwa kwa kitambaa. Kilikuwa kipande cha sabuni cha mwisho alichopika na baba yake, chenye K na V. Alikiweka akiba tangu mazishi kwa ajili ya kichwa hicho.

"Ngoja," alisema Déogratias kutoka juu. Alikuwa amevaa koti, jasho linamtoka. "Ile ya zamani iweke. Marehemu iko na mrithi. Mama ataoshwa na sabuni ya mrithi, batu waone nyumba haikufa."

Vainqueur alishuka kutoka kwa wanaume akibeba sinia. Juu yake kulikuwa na kipande kimoja, chekundu, safi, jina limeingia vizuri. Vingine mia mbili vilikuwa nyumbani juu ya meza, vimefungwa utepe, kimoja kwa kila mgeni. Alikuwa amevaa shati jeupe. Alimpita dada yake, akasema chini chini, "Yaya, usinikasirikie leo." Sauti yake ilikuwa ya yule mtoto aliyekuwa akimbeba mgongoni.

Élisabeth, mkubwa wa wajane, alipokea kipande, akakichovya majini, akakisugua kati ya viganja vyake vigumu. Povu likatoka, jingi, jeupe. Wanawake wakasema ahh.

Léocadie alisimama maji yakimfikia magotini. Siku thelathini na mbili alikuwa amengoja siku hii. Aliwaza mikono ya Domitille ikifunuliwa mbele ya koti la baba mdogo. Aliwaza wageni wakirudi kesho yake na vipande vyao na utepe wao. Hakuwa amewaza kichwa hiki. Na hata sasa, lazima isemwe, kwa kitambo cha pumzi moja au mbili alinyamaza. Aliutazama ule mgongo ambao haukutikisika siku ya baraza. Kingetosha, kikohozi kimoja.

Élisabeth akainua mikono yake yenye povu.

Léocadie alimshika kifundo cha mkono. Akamnyang'anya kile kipande, akakipeleka mdomoni mbele ya watu wote, akakigusa kwa ulimi, si kwa ncha tu bali kwa ulimi mzima. Kikamuuma kama moto wa mkaa. Machozi yakamtoka hapo hapo.

"Isimuguse mama," alisema. Neno lilitoka zito, ulimi ulikuwa umeanza kuvimba. "Mama Élisabeth, nawa haraka."

Juu, barabarani, minong'ono ilianza. Vainqueur alisimama na sinia tupu.

"Unanifanyia hivi mbele ya batu?"

"Zile ni punje. Uliweka mikebe tatu ya punje. Papa alinionyesha, punje ni mbili na nusu."

"Ulinihesabia tatu."

"Tatu ya magamba."

"Nilikuuliza." Sauti ya Vainqueur ilipasuka katikati. "Yaya, nilisimama na mukebe mu mkono, nikakuuliza."

"Uliniuliza," alisema Léocadie.

Maji yalikuwa yanapiga kwenye kuta za zile nyumba. Élisabeth, aliyekuwa ananawa, aliacha kunawa. Na hapo Mama Victoire, ambaye hakuwa ameoshwa bado wala kuvishwa, akasema.

"Ulijua."

"Njo vile, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu gunia ya kwanza."

"Na ile siku ulikuja kunisalimia, ukaniambia Domitille iko na vidonda, ulijua?"

"Nilijua."

Mama Victoire alinyosha mkono. Léocadie akadhani anataka kushikwa, akausogelea. Mama aliuchukua ule mfungo wa kitambaa tu. Akatoa sabuni ya mumewe, akajiosha kichwa mwenyewe, polepole, kila mtu akimtazama, kisha akavaa kitenge chake bila kusaidiwa. Zile nguo nyeusi za siku arobaini zilikuwa zimelala mchangani, rundo zima.

"Kwa desturi yetu hizi zinafuliwa, zinapewa masikini," alisema. "Watoto yangu mbili njo watafua. Na hiyo sabuni. Mpaka hicho kipande kiishe."

"Victoire," alisema Déogratias, akishuka hatua mbili mchangani, "mrithi hawezi kufua nguo ya mwanamuke mbele ya batu. Baraza iliamua..."

"Baraza iliamua wakati nilikuwa naangalia ukuta. Ukuta nimemaliza kuangalia." Hakuinua sauti. "Weye ulinawa na sabuni ya huyu mutoto, ukakausha mikono, ukamunyima. Huyu mwengine hakusoma hata muzito wa mukebe yenye alishika. Na huyu binti yangu aliacha batu waungue juu ya kulipiza kile tulimufanyia. Déogratias, shuka mu maji kama unataka kusaidia. Sabuni ingine iko nyumbani, ni mia mbili."

Déogratias hakushuka.

Wakafua. Dada upande huu, kaka upande ule, nguo katikati. Shati jeupe la Vainqueur lililowa mpaka kifuani. Glavu zake za njano zilikuwa Kimanga. Mwanzoni hakuna aliyeuma meno. Soda haianzi kwa maumivu, inaanza kwa utelezi, ngozi inateleza kama ya samaki. Kisha ikaanza. Walipofika nguo ya tatu Vainqueur alikuwa analia wazi, na Léocadie, ambaye alikuwa ameapa kumwona akilia, alijikuta hawezi kumtazama. Kipande kilichukua karibu saa nzima kuisha. Wageni wengi walibaki juu wakitazama, kwa kuwa hakuna aliyejua kama inafaa kuondoka.

"Mukebe ya baba yenu iko wapi?" Mama aliuliza walipomaliza.

"Iko atelié," alijibu Vainqueur.

"Uilete. Nitakaa nayo minye. Mwenye anataka kupika atakuja kuiomba, na atakuja na mwenzake. Akija peke yake, simupi, nitainywea chai."

Hakuna aliyecheka.

Katika karamu Léocadie alikula ndagala na bugali asisikie chumvi. Vipande mia mbili vilikuwa vimeondolewa mezani. Vainqueur alikuja akasimama nyuma ya kiti chake, mikono ameinua mbele kama mtu aliyebeba kitu kisichoonekana.

"Ile sabuni inaweza kurudi mu pipa?"

Angeweza kunyamaza. Alilifikiri. Bado ilikuwepo ndani yake, ile hasira, imepungua tu kama maji yanavyopungua kwenye mtungi.

"Inarudi," alisema hatimaye. "Inayeyushwa, inaongezewa mawese. Kesho saa kumi na mbili. Tutaomba mukebe pamoja."

"Na mikono?"

"Mikono itauma. Uje nayo vile vile."

*

Ilichukua siku tisa. Walipika wawili, mikono imefungwa vitambaa, wakisemeshana kuhusu moto na mawese tu. Vainqueur aliing'oa karatasi ukutani bila kuambiwa. Mhuri wake aliuacha, lakini juu ya rafu, na ule wa K na V akauosha. Siku moja aliuliza kwa nini isitumike mizani, na Léocadie, baada ya kusonya, akakubali kwamba mizani lilikuwa wazo zuri. Déogratias alituma ujumbe kwamba baraza litakaa tena. Mama Victoire alijibu kwamba viti vipo.

Siku ya kumi mama aliwapa kikapu chenye vipande sitini.

"Muende Kalimabenge," alisema. "Na yenye mlifanya, museme na kinywa."

Wanawake wa mto walikuwa wameinama kwenye mawe. Walipowaona hao wawili wanashuka na kikapu, waliinuka mmoja mmoja. Amandine alikuwa amefunga jicho kwa kitambaa. Domitille hakuinuka, alikuwa anasuuza shuka, akilikamua kwa viwiko.

Léocadie alisimama mbele yake. "Domitille. Ile siku uliniuliza kama najua, nikasema sijui. Nilikuwa najua. Nilijua mbele ya sabuni kupikwa. Niliacha iwaunguze juu ya kumuangusha kaka yangu."

Domitille aliendelea kukamua. Maji yalitoka kwenye shuka, yakapungua, yakawa matone.

"Unanipaka mawese," alisema, "na unajua."

"Njo vile."

"Kidole kimoja kimoja."

Vainqueur alichukua kipande kutoka kikapuni, akakinyosha kwa mikono miwili. "Hii ni mupya, mama. Ni ya bure. Haiwezi kuunguza."

Domitille alikitazama kile kipande, akatazama mikono iliyokishika, yenye magamba na wekundu kama yake. Hakukipokea.

"Muilambe," alisema.

Wanawake wengine walikuwa wamesogea. Mmoja aliguna. Léocadie alikichukua akakilamba, ulimi wote, akabaki ameutoa nje ili uonekane. Kisha akampa mdogo wake. Vainqueur alisita: kwenye daraja watu waliokuwa wanapita na pikipiki walikuwa wamesimama, na mmoja wao alikuwa mteja. Akafumba macho, akalamba. Domitille aliinuka sasa, akamshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto anayekaguliwa meno, akautazama ulimi wake kwa muda mrefu sana.

"Haiko na moto," Vainqueur alisema, akijaribu kusema na ulimi nje. Hakuna aliyecheka, ila Amandine, kidogo.

Domitille alikiacha kidevu chake. Akachukua kipande, akakirusha ndani ya beseni lake. Hakusema aksanti.

"Na ile ya wiki inayokuja," alisema, akiinama tena juu ya shuka, "mutakuja muilambe hapa. Na ile ingine. Kila mara mukifungua gunia, mutashuka hapa bote wawili, tuwaangalie."

"Mpaka lini?" aliuliza Vainqueur.

Domitille alitumbukiza mikono yake majini.

"Mikono ikipona," alisema, "nitakuambia."